Mageuzi ya polisi Kenya yanavyokwamia kituoni, na la kufanya jamaa yako akishikwa au akiuawa

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa shule ya upili huku Likoni. Kila nikifundisha sura ya katiba inayohusu usalama wa taifa, wanafunzi huniuliza swali ambalo silijibu vizuri. Tangu 2010 tuna Inspekta Jenerali anayelindwa na katiba, tuna tume ya kuajiri polisi, tuna IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi. Mbona vijana bado wanapigwa risasi na wengine wanatoweka, na askari kufungwa ni nadra? Mageuzi yalishindwa au hayajafanyika? Na mtu wa kawaida, jamaa yake akishikwa au akiuawa, afanye nini chenye manufaa?"

Mwalimu, jibu la "mageuzi yalishindwa" haliwatoshi wanafunzi wako, wala si kweli. Mengi yalibadilishwa: nani anamteua mkuu wa polisi, nani anamwajiri konstebo, nani anaweza kumpa nani amri. Jambo moja halikuguswa, nalo ndilo linaloamua kama askari aliyeua atafika kizimbani: ushahidi unabaki mikononi mwa nani. Risasi ikifyatuliwa Likoni au Mathare, OB, yaani daftari la matukio la kituo, iko kwa polisi, rejista ya silaha iko kwa polisi, kamera za kituo ni za polisi, na maganda ya risasi huokotwa na polisi. Taasisi huru hufika baadaye kuomba vitu hivyo kwa watu wale wale inaowachunguza.

Waeleze kwa kifupi tulikotoka. Kabla ya 2010 Rais alimteua Kamishna wa Polisi na kumwondoa alipotaka. Polisi wa Utawala, ambao chimbuko lao ni askari wa machifu wa enzi za ukoloni, walikuwa mkono wa wakuu wa mikoa na wilaya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Idadi hiyo ya waliopigwa risasi ndiyo iliyowafanya hata wanasiasa waliokuwa wakinufaika na polisi wa zamani wakubali kwamba mambo hayawezi kuendelea vile. Mwaka 2009 jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley likatoa mapendekezo zaidi ya 200, na mengi yakaingia katika katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 na katika sheria tatu za 2011: ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ya Tume ya Huduma ya Polisi, na ya IPOA.

Kifungu cha 245 cha katiba kisome darasani neno kwa neno. Inspekta Jenerali hupewa muhula mmoja tu wa miaka minne, ili asiwe na sababu ya kumpendeza mtu apate muhula wa pili. Waziri anaruhusiwa kumpa maelekezo ya sera, na maelekezo hayo lazima yawe ya maandishi. Hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kumwambia ampeleleze nani, amkamate nani, au ampandishe cheo nani. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake ndiye anayeweza kumwagiza afanye upelelezi wa kosa fulani, naye pia kwa maandishi. Ni kifungu kilichoandikwa na watu waliojua vizuri simu za usiku kutoka Ikulu zilikuwa zikifanya kazi gani.

Hata hivyo kifungu hicho kilivuja katika sehemu tatu. Ya kwanza ni pesa. Hadi Septemba 2022 bajeti ya polisi ilisimamiwa na wizara, si na Inspekta Jenerali; mkuu huyo alikuwa na uhuru kwenye karatasi lakini mafuta ya magari yake yakaidhinishwa na katibu wa wizara. Ya pili ni muhula wenyewe. Katiba inafanya iwe vigumu kumfuta kazi Inspekta Jenerali, lakini haizuii ashinikizwe ajiuzulu. David Kimaiyo, wa kwanza kushika cheo hicho, aliondoka Desemba 2014 baada ya mashambulizi ya Mandera, na Japhet Koome akaondoka Julai 2024 baada ya maandamano ya vijana. Ya tatu ni amri za mdomo. Juni 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani alinukuliwa akisema hadharani kwamba polisi wameambiwa wampige risasi yeyote atakayethubutu kukaribia kituo cha polisi, kisha akasema alieleweka vibaya. Wape wanafunzi kauli hiyo na kifungu cha 245 ubaoni, wajibu wenyewe: hiyo ni sera? Iliandikwa wapi? Waongezee Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Polisi, linalosema kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Tume ya kuajiri polisi nayo inahusika na mambo mawili makubwa yanayosaidia kuonyesha hoja yangu. Mwishoni mwa 2013 ilianza kuwapiga maafisa msasa, yaani kuwachunguza kama wanafaa kubaki kazini, ikianza na wakubwa. Vikao vilivyotikisa nchi ni vya polisi wa trafiki, kwa sababu tume iliitisha taarifa zao za M-Pesa, na konstebo wa mshahara mdogo akatakiwa aeleze pesa zinazoingia na kutoka kila siku, nyingine zikielekea kwa mkubwa wake. Jambo la pili liliendeshwa na IPOA dhidi ya tume yenyewe. Vijana 10,000 walipokuwa wakisajiliwa Julai 2014, IPOA ilipeleka waangalizi wake katika viwanja vya usajili. Waliona hongo na upendeleo, wakaandika, wakaenda mahakamani, na tarehe 31 Oktoba 2014 Jaji Isaac Lenaola akabatilisha zoezi zima. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilikataa kubadilisha uamuzi huo, ingawa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lilikuwa limetokea Aprili na Rais alikuwa ameagiza waliochaguliwa waripoti kwenye mafunzo.

Tazama kilichofanya mambo hayo mawili yafaulu. Taarifa za M-Pesa zilikuwa kwa kampuni ya simu. Usajili ulifanyika uwanjani, mchana, mbele ya waangalizi. Polisi hawakuwa na namna ya kuufuta ushahidi. Lakini kwa tuhuma za kuua hapakuwa na M-Pesa ya kuitisha. Kilichokuwepo ni faili iliyoandikwa na kituo cha mtuhumiwa, kwa hiyo msasa uliwagusa wala rushwa kuliko ulivyowagusa wauaji.

Kosa la kudhani kuwa kusafisha watu kunatosha si letu peke yetu. Nchi ya Georgia, baada ya mapinduzi ya amani ya 2003, iliwafuta polisi wote wa trafiki mwaka 2004, maelfu kwa maelfu, ikaajiri vijana wapya wa doria wenye mshahara mzuri na sare mpya. Hongo barabarani ilikaribia kwisha, na wataalamu wa nchi nyingi walikwenda kujifunza huko. Lakini wizara ya mambo ya ndani ilibaki na nguvu zote bila chombo huru cha kuichunguza. Januari 2006 kijana Sandro Girgvliani aliuawa na maafisa wa wizara hiyo, na kesi ikaendeshwa kwa namna ambayo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliilaumu vikali baadaye. Mwaka 2012 video za mateso gerezani zilipovuja, serikali ikaangushwa kwenye uchaguzi. Polisi asiyekula hongo anaweza bado kuwa polisi anayeua bila kuulizwa.

Sasa tuje kituoni, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Sheria inasema hivi. Askari akitumia nguvu na mtu akafa au akaumia vibaya, lazima amwarifu mkubwa wake mara moja, majeruhi apewe matibabu, jamaa waarifiwe, mahali pa tukio palindwe, na IPOA ipewe taarifa. Bunduki hutumika pale tu njia nyingine zimeshindwa, hasa kuokoa maisha, tena baada ya kutoa onyo ikiwezekana. Askari aliyevaa sare lazima awe na jina au namba yake ya huduma mahali inapoonekana wazi.

Kinachoharibika ni mpangilio wa saa za kwanza. OB ndiyo daftari la kila tukio la kituo, na kila ingizo lina namba, tarehe na saa. Tukio likiandikwa dakika 20 baada ya risasi, lina thamani. Likiandikwa usiku, baada ya wakubwa kukubaliana la kusema, linakuwa hadithi ileile: mshukiwa alikaidi amri ya kusimama, akafyatua, akapatikana na bastola ya kujitengenezea. Maiti hupelekwa mochari ikaandikishwa kama ya mtu asiyejulikana, hata pale kitambulisho kilipokuwa mfukoni, na familia ikatafuta siku nne. Maganda hayaonekani. Gari lililotumika halina namba, au namba ni ya kubandika.

Daftari ambalo wananchi hawalijui, nami naliona ni muhimu kuliko OB, ni rejista ya silaha. Askari akichukua bunduki ghalani huandika jina lake, namba ya bunduki, na idadi ya risasi alizopewa. Akirudisha, huandikwa idadi iliyorudi. Aliyetoka na risasi 30 akarudi na 26 ana risasi nne za kueleza. Pamoja na rejista hiyo kuna orodha ya zamu, inayoonyesha nani alipangwa mtaa gani saa ngapi, na kitabu cha safari za gari. Karatasi hizo tatu zikichukuliwa siku ya kwanza, kesi ya mauaji huwa na mifupa. Zikichukuliwa baada ya wiki tatu, zimekwisha kusahihishwa. Na hata risasi ikitolewa mwilini, uchunguzi wa kuilinganisha na bunduki hufanyika katika maabara ya idara ya upelelezi wa jinai, ambayo ni sehemu ya polisi hao hao.

Kesi tatu ambazo kila Mkenya anazijua zinaonyesha jambo hili kwa uchungu.

Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake mwendesha bodaboda, na dereva wao wa teksi walitekwa wakitoka mahakama ya Mavoko. Mteja huyo alikuwa amemlalamikia askari kwa IPOA kwamba alimpiga risasi. Waliwekwa kwenye seli ya kambi ya Polisi wa Utawala ya Syokimau bila kuandikishwa popote. Ukifuata OB, watu hao hawakuwahi kufika pale. Kilichowafikisha wauaji kortini ni vitu vilivyokuwa nje ya uwezo wa kambi hiyo: rekodi za simu, kifaa cha kufuatilia gari, na kikaratasi cha choo alichoandika Kimani na kukitupa nje ya seli akiomba mke wake apigiwe simu. Hukumu ya hatia ilitolewa Julai 2022, miaka sita baadaye, na Februari 2023 askari aliyeongoza akahukumiwa kifo.

Agosti 2017, usiku wa ghasia baada ya uchaguzi, polisi waliingia nyumbani kwa familia moja mtaa wa Nyalenda, Kisumu, wakampiga mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, akafa hospitalini siku chache baadaye. Hakuna aliyeweza kusema rungu lilishikwa na nani, maana askari walikuwa wengi, gizani, wamejifunika nyuso. Hapo wengi wangefunga faili. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alifuata orodha za zamu na mlolongo wa amri, na Februari 2019 akasema makamanda wanapaswa kuwajibika. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza mashtaka dhidi ya maafisa 12. Kesi imejikokota mno, na familia ina haki ya kukasirika. Lakini njia aliyoifungua hakimu yule, ya kumuuliza aliyepanga zamu pale ambapo aliyepiga hajulikani, ndiyo njia ya kesi zote za maandamano.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, akafa akiwa kizuizini usiku uleule. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. IPOA ikaiambia Seneti kwamba rekodi za kamera za kituo zilivurugwa. Ila upasuaji wa maiti ulifanywa na madaktari kadhaa wakiongozwa na Daktari Bernard Midia, nao wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mingi ambayo mtu hawezi kujifanyia. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kuiondoa kauli ya awali mbele ya maseneta. Kabla ya mwezi kwisha watu sita walikuwa wameshtakiwa kwa mauaji, na kesi hiyo ni ya mahakama kuiamua. Mimi naitaja kwa sababu moja: kamera ilikuwa ya polisi, daktari hakuwa wa polisi.

Ndiyo maana nasema IPOA isipimwe kwa idadi ya hukumu peke yake. Malalamiko iliyopokea tangu 2012 yanahesabika kwa maelfu mengi, hukumu kwa makumi. Wachunguzi wake ni wachache, polisi ni zaidi ya 100,000. Haishtaki, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye anaweza kushtaki, kuomba kifo kichunguzwe na hakimu, au kufunga. Faili ikifika pale bila rejista ya silaha na bila risasi iliyolinganishwa, hata mwendesha mashtaka mwaminifu hana la kufanya.

Afrika Kusini walijaribu kuziba mwanya huu kwa sheria kali kuliko yetu. Chombo chao cha kuchunguza polisi, IPID, lazima kiarifiwe mara moja kuhusu kifo kilichosababishwa na polisi, ripoti ya maandishi ifuate ndani ya saa 24, na kikipendekeza askari aadhibiwe, polisi waanze hatua za nidhamu ndani ya siku 30. Kukaidi ni kosa la jinai. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikamnyang'anya waziri uwezo wa kumsimamisha peke yake mkuu wa chombo hicho. Hata hivyo, pale Marikana, tarehe 16 Agosti 2012, polisi walipowapiga risasi na kuwaua wachimba migodi 34, picha zilizoletwa mbele ya tume ya Jaji Ian Farlam zilionyesha silaha kando ya maiti ambazo katika picha za mapema hazikuwa na silaha. Sheria ya saa 24 ni nzuri. Dakika zile za kwanza, kabla ya mtu yeyote wa nje kufika, bado ni za polisi.

Kwa hiyo, Mwalimu, sehemu ya pili ya swali lako si nyongeza. Familia na majirani ndio mara nyingi huwa watu wa kwanza wasio polisi kufika, na wanachokifanya siku hiyo kinaweza kuamua kesi.

Jamaa akishikwa, andika saa, mahali, namba ya gari na sura au majina ya askari. Nenda kituoni ukiwa na mtu wa pili, umuulize askari wa mezani mambo matatu: yumo humu, ameshikwa kwa kosa gani, na namba ya OB ni ipi. Usiondoke bila namba hiyo; bila namba, kwenye karatasi hajafika. Kifungu cha 49 cha katiba kinampa haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili na watu wa kumsaidia, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya kazi, anafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo sababu wengi hukamatwa Ijumaa jioni. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, haliruhusu awekwe rumande. Dhamana ya polisi isiyo ya pesa hailipiwi, na ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti ya serikali. Ukiombwa pesa za mafuta ya gari, huna deni hilo.

Kituo kikikana kuwa naye na mashahidi walimwona akichukuliwa, usipoteze siku mbili kuzunguka vituo. Piga IPOA kwa namba yao ya bure, 1559, au nenda ofisi yao ya Mombasa, na siku hiyohiyo tafuta wakili apeleke Mahakama Kuu ombi la habeas corpus, la kutaka polisi waamriwe kumleta mbele ya mahakama. Huku Pwani mashirika ya haki za binadamu yamezoea kazi hiyo na yatakusaidia. Hati ya kiapo iwe na mtu wa mwisho kumwona, saa, mahali, gari, mavazi, namba ya simu aliyokuwa nayo, na kila kituo mlichofika pamoja na jina la askari aliyewajibu. Papo hapo omba mwenye duka au kituo cha mafuta aliye na kamera anakili picha za saa hiyo kwenye flashi, kwa sababu mitambo mingi hufuta picha za zamani baada ya siku chache au wiki chache.

Aliyepigwa aende hospitali kwanza, fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, baadaye. Fomu hiyo ni ya bure, na inaweza kuchukuliwa kituo kingine kama kituo cha jirani ndicho kinacholalamikiwa. Daktari ataijaza kwa kutegemea rekodi za matibabu ya siku ya kwanza, kwa hiyo tunza kila karatasi. Piga picha majeraha siku ileile, kisha tena baada ya siku mbili au tatu, maana kwenye ngozi nyeusi alama za damu iliyovilia huonekana vizuri zaidi baadaye.

Mtu akiuawa, piga picha mahali pote kwa upana kabla ya kukaribia, halafu kila kitu kwa karibu ukiweka sarafu au kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane. Ganda la risasi usiliokote. Lipige picha lilipo, uhesabu, na uwape IPOA. Nguo zenye damu zikikabidhiwa familia, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hufungia unyevu na damu ikaoza. Andika majina na simu za mashahidi, lakini usiyasambaze kwenye kundi la WhatsApp. Kumbuka mwendesha bodaboda wa Mavoko. Shahidi anayetishwa apelekwe mapema kwa Wakala wa Kulinda Mashahidi kupitia IPOA au wakili.

Jambo linalowatesa zaidi ndugu zetu Waislamu wa Pwani ni mazishi. Familia hutaka kuzika siku hiyohiyo, na polisi wanalijua hilo. Maiti ikizikwa bila upasuaji, kuifukua kunahitaji amri ya mahakama, na wakati huo alama nyingi zimepotea. Simu ikipigwa IPOA alfajiri, daktari wa serikali akaarifiwa na familia ikawa mochari mapema, upasuaji unaweza kufanyika asubuhi na maziko yakawa alasiri. Familia ina haki ya kuleta daktari wake ashuhudie. Omba mwili upigwe eksirei kabla ya kupasuliwa ili risasi zote zionekane. Kila risasi itakayotolewa, uliza maswali mawili na uandike majibu: imechukuliwa na nani, na ametia sahihi wapi? Ikiwezekana ichukuliwe na mchunguzi wa IPOA, si na askari wa kituo husika.

Ukishalalamika, dai namba ya faili. Baada ya mwezi andika barua ukiuliza faili iko hatua gani: uchunguzi wa awali, uchunguzi kamili, au iko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Swali lililo wazi namna hiyo hujibika, tofauti na "kesi yetu imefika wapi". Kesi ya jinai ikikwama, kuna ombi la katiba katika Mahakama Kuu dhidi ya serikali, ambako kiwango cha ushahidi ni cha chini kuliko cha jinai na familia inaweza kutumia picha, rekodi za hospitali na OB yenyewe.

Wanafunzi wako wakitaka kujua mageuzi yaliyobaki ni yapi, nitawatajia mawili ambayo hayahitaji kubadilisha katiba. Sheria ya wachunguzi huru wa vifo ilitiwa sahihi mwaka 2017, ili kifo chochote cha kutiliwa shaka kichunguzwe na mtu asiye polisi tangu mwili ulipolala. Miaka ikapita bila huduma hiyo kuanzishwa. Na Sheria ya Huduma ya Polisi inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya polisi ya kaunti inayoongozwa na gavana, yenye raia ndani yake, ya kufuatilia polisi wa kaunti hiyo wanavyofanya kazi. Darasa linaweza kumwandikia mbunge wa Likoni kuhusu la kwanza, na gavana wa Mombasa kuhusu la pili, likimuuliza gavana mamlaka hiyo ilikutana lini mara ya mwisho na kumbukumbu za kikao ziko wapi.